Sabuni ya Bibi Stoo

Machi 4
Mvua imeanza. Mvua ikinyesha nyanya zinastawi, na wadudu nao wanastawi. Wadudu wakizidi shamba kubwa linapuliza dawa, na shamba likipuliza sisi wa kituo cha afya tunapokea watu. Ndiyo kalenda yetu huku, hatuhitaji ya ukutani. Leo nimefungua kabati la chumba cha dharura nikatazama vichupa vya atropini, ile ya kuzima sumu ya dawa za shamba, nikamwambia Daktari hivi havitufikishi mwisho wa msimu. Akasema ameshaomba vingine. Daktari wetu ni mtu wa taratibu, hata kupiga chafya hujiandaa kwanza.

Mume wangu amefanywa nyapara wa wapulizaji. Mama mkwe amefurahi kama vile mwanawe kateuliwa waziri.

Machi 6
Amerudi nyumbani ananukia limau.

Nikamuuliza hiyo ni nini. "Sabuni ya kazini." Sabuni ya kazini ya mwaka jana ilikuwa ya kufulia, ya njano, ikikauka mwilini unang'aa kama samaki. Akasema mwaka huu kuna mtunza stoo mpya na ndiye anayeileta.

"Mwanamke?"

"Ndiyo."

"Mnamwitaje?"

"Bibi Stoo."

Akala, akalala. Mimi nimekaa na kalamu.

Machi 7
Mvua. Limau.

Machi 8
Limau.

Machi 12
Leo kazini nimejiona mtu. Mchana wanaume wanne wamembeba wa tano mpaka mlangoni. "Sista, huyu kalewa. Kalewa asubuhi asubuhi, tumemtoa shambani asituaibishe." Kweli, ukimtazama kwa mbali ni mlevi: anatapika, mate yanamtiririka, suruali imelowa, maneno hayashikani. Mimi nikamtazama kwa karibu. Nikamfunua jicho. Chumba kilikuwa na giza la mawingu, mboni ilitakiwa iwe imetanuka, lakini ilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Nikamshika mkono, mapigo yanajikokota. Paja lilikuwa linachezacheza lenyewe chini ya ngozi. Nikainama kumnusa, hakuna pombe hata chembe. Ni ile harufu ya kitunguu saumu kilichooza.

"Daktari," nikasema, "huyu mabomba yote yamefunguka."

Ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu. Machozi, kamasi, mate, jasho, tumbo, mkojo: mabomba ya mwili yakifunguka yote kwa mpigo, acha kuuliza mtu kanywa nini, uliza kapuliza nini. Tukavaa glovu na aproni, tukamvua, nguo tukazitia kwenye mfuko wa plastiki tukaufunga. Tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, nywele, kwapa, kucha. Oksijeni. Atropini kwenye mshipa, dakika tano, sikiliza kifua, bado kinachemka, ongeza mara mbili. Wageni wa kazi hii hutazama mboni wakidhani ikifunguka kazi imekwisha. Sisi tunasikiliza kifua. Kifua kikikauka na moyo ukichangamka, hapo ndipo unakaa chini.

Yule bwana yu hai. Daktari aliniambia mbele ya watu, "Sista una jicho." Nimetembea na maneno hayo mpaka nyumbani.

Nikamsimulia mume wangu. Nikamwambia nguo ya kazi ni kopo la pili la sumu, ukiivaa mpaka nyumbani umebeba kopo mgongoni. Akasema, "Hata Bibi Stoo anatuambia hivyo hivyo."

Jicho langu lote likaishia hapo.

Machi 15
Daktari kanituma shambani kuwafundisha wapulizaji. Nilivaa sare iliyopigwa pasi vizuri. Hilo nalisema wazi.

Stoo ni jengo la matofali lenye dirisha la wavu, ndani makopo yamepangwa kwenye rafu kwa rangi. Nyuma yake kuna bafu la mabati, na nje ya bafu safu ya misumari wanapotundika ovaroli baada ya kazi. Hapo ndipo nilipomwona. Nilitarajia mwanamke wa kujipodoa. Kumbe hana hata hereni. Ni mrefu, sauti nzito, ana mwanya, na akicheka mwanya unacheka wa kwanza. Ingekuwa afadhali angejipodoa, ningepata la kumsema.

Alikuwa anakata mche wa sabuni kwa uzi, kila mpulizaji kipande chake. Kipande cha mume wangu ni kikubwa kuliko vya wenzake. Nimekipima kwa macho na macho yangu hayakosei.

"Kumbe ndiye wewe Sista!" akasema. "Mumeo hachoki kukutaja."

Mwanamke akikwambia mumeo hachoki kukutaja, maana yake wanakaa wakaongea. Nikamshukuru.

Nikasimama juu ya kreti nikawaambia: vua hapa, oga hapa, nguo ya kazi isivuke geti, mke na watoto wasiiguse. Wakapiga makofi. Yeye alipiga kuliko wote.

Machi 21
Mama mkwe wakati wa chai: "Mwanangu siku hizi ananukia kama bwana harusi." Akacheka peke yake. Bibi huyu hana meno mengi lakini anajua pa kuuma.

Machi 24
Limau. Na shati alilorudi nalo limeshonwa kifungo. Mimi sikukishona.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nauguza watu wazima kwa watoto, nasafisha vidonda vya watu nisiowajua, na nyumbani kwangu mume anaogeshwa na kushonewa na mtu mwingine.

Machi 29
Tumegombana. Naandika yote nisije kesho nikajipunguzia.

Aliingia, akavua viatu, limau ikajaa chumba kizima mpaka kwenye godoro. Nikamwambia, "Kuanzia kesho utaoga nyumbani."

"Nini?"

"Umesikia. Ovaroli uje nayo, nitaifua mwenyewe. Nina mikono."

Akanitazama kama anayesubiri nicheke. "Si wewe uliyesimama juu ya kreti ukatuambia tuoge kazini?"

"Niliwaambia wao."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mume wangu."

"Sasa nije ninuke dawa humu ndani?"

"Unuke dawa. Dawa naijua."

Mume wangu si mtu wa kelele. Akigombezwa huwa anatafuta kitu cha kurekebisha, bawaba, mguu wa kiti, chochote. Safari hii alikamata redio akaanza kuifungua. Mwisho akasema, "Haya mama. Yaishe. Nitaoga hapa."

Najua nilichokiomba. Nitatumia glovu, beseni la peke yake, na nitafulia nyuma ya nyumba mbali na kila mtu. Mimi si mjinga wa mambo haya.

Machi 31
Amekuja anavyokuja mwanamume aliyetoka kazini: jasho, tope, dawa. Nilimpokea getini, nikamvulisha pale pale, nikampa ndoo ya maji na sabuni yangu. Ovaroli nikaifua mwenyewe. Mama mkwe alikuwa anatazama kutoka mlangoni. "Mkwe, unafua kwa glovu utadhani unapasua mtu."

Nimelala kama mtoto.

Aprili 3
Hakuna limau. Raha.

Aprili 6
Mume wangu anaumwa kichwa. Nimempa chai ya moto.

Aprili 9
Kichwa tena, na jasho, na hali ya hewa ni baridi. Nilitaka kumulika macho yake kwa tochi, akasema, "Mimi si mgonjwa wako, niache nilale." Nikamwacha. Mganga hajigangi, na naona hata mumewe hamgangi. Nilijiambia ni mafua ya mvua.

Aprili 13
Mpulizaji mmoja amekuja kufungwa kidonda cha kidole. Bila kuulizwa akaniambia Bibi Stoo kila jioni anapiga kelele, kwa nini nyapara anaondoka bila kuoga, anawafundisha nini wenzake. "Anamfuata mpaka kwenye baiskeli, Sista."

Mwache amfuate. Mwenye kukosa kitu hukifuata. Nilifunga kile kidole vizuri kuliko kilivyostahili.

Aprili 15
Mvua siku nzima.

Aprili 18, asubuhi
Naandika ya jana. Nimekaa kwenye kiti katikati ya vitanda viwili.

Mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi na jua limetoka. Mchana gari la shamba liliingia kinyumenyume mpaka kwenye ngazi ya chumba cha dharura. Aliyeruka wa kwanza alikuwa Bibi Stoo, amevaa blauzi na shimizi, hana kitenge. Kitenge chake cha buluu kilikuwa nyuma ya gari. Ndani ya kitenge alikuwa mume wangu, na ndani ya kitenge hakuwa na nguo.

Miaka yote hii ya kazi, nimepokea waliokatwa, walioungua, waliozama. Neno la kwanza kumtoka muuguzi ni "Anapumua?" Jana neno langu la kwanza lilikuwa:

"Nani kamvua nguo?"

"Mimi," akasema.

"Kwa nini wewe?"

"Sista!" Daktari akapiga kelele. Sijawahi kumsikia Daktari akipiga kelele. Hapo ndipo nikaona povu mdomoni mwa mume wangu.

Bibi Stoo alikuwa anasema huku tunambeba. Nyapara alikuwa amejitwika dumu la dawa isiyochanganywa, kifuniko kikaachia, ikamwagika kuanzia shingoni mpaka kwenye visigino. "Nikamwambia ingia bafuni sasa hivi, bafu si hili hapa. Akasema yeye anaoga nyumbani. Nikamshika mkono akajinasua. Akasema, 'Bibi Stoo, niache, nimeahidi.' Akapanda baiskeli." Walimkuta kwenye kona ya barabara, chini, baiskeli juu yake. Bibi Stoo akamkatia ovaroli kwa kisu, akamwosha kwa maji ya mtaro na kipande cha sabuni alichokuwa nacho mfukoni, akamfunga kitenge.

Nimeahidi. Nililisikia neno hilo na mikono yangu haikusimama. Namshukuru Mungu kwa mikono, ina akili yake.

Daktari akaniambia, "Toka nje, huyu ni mumeo."

"Wewe tafuta mshipa," nikamwambia, "mimi nanyonya mate kwa bomba." Akatazama chumba, mhudumu mmoja na sisi wawili, akatafuta mshipa.

Tukamlaza ubavu. Mboni ncha ya sindano. Mapigo yanapotea na kurudi. Kifua kilikuwa kinachemka kama uji mzito, nilikisikia hata bila mipira ya kusikilizia masikioni. Misuli ya mgongo ilikuwa inaruka, mgongo ule ule dawa ilipopita. Tukamwosha upya, maana maji ya mtaro si ya kuaminika, na mhudumu akamsugua nyuma ya masikio na kati ya vidole huku mimi nashikilia oksijeni. Atropini ya kwanza. Dakika tano. Bado. Mara mbili. Bado. Mara mbili tena. Kila nikivunja kichupa nilikuwa nasikia boksi linavyozidi kuwa jepesi. Daktari alikuwa ameshamtuma dereva hospitali kubwa akalete vingine, lakini daraja lilikuwa na maji na hakuna aliyejua atarudi lini.

Bibi Stoo alikuwa kwenye benchi karibu na mlango. Analia. Machozi yanashuka mpaka kidevuni, kamasi zinamtoka, wala hajifuti. Nikasema moyoni, mtazameni. Mimi mwenye mume sijatoa hata tone, yeye amelowa. Sasa limejulikana. Penye moshi hapakosi moto, nami nimekaa na moshi ule tangu Machi.

"Dada, kalie nje," nikamwambia.

Hakuinuka. Akafuta mdomo kwa kiganja, na kiganja kikang'aa.

Nilikuwa navuta dawa kwenye bomba la sindano nilipomtazama mara ya pili. Blauzi yake ilikuwa imeganda mwilini. Mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi. Chini ya shimizi, paja lake lilikuwa linachezacheza lenyewe.

Mwanamke yule alikata ovaroli iliyolowa dawa kwa mikono mitupu. Akambeba kifuani. Hakuwa analia.

Nilijua. Nataka iandikwe kwamba nilijua, jicho ambalo Daktari alilisifu halikunificha kitu. Nikatazama boksi. Nikasikiliza kifua cha mume wangu, bado kina maji. Nikifungua mdomo, boksi lile litakuwa la watu wawili. Nikageuza mgongo, nikamchoma mume wangu ile sindano, polepole, nikahesabu kama inavyotakiwa. Muda wote wa sindano ile Bibi Stoo hakuwepo chumbani. Nilikuwa nimemfuta.

Kisha nikasikia nyuma yangu, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake kabisa: "Sista, sioni vizuri."

"Daktari," nikasema, "huyu ni wa pili."

Nilimvua mwenyewe. Nilimwosha mwenyewe, hatukuwa na mtu mwingine. Nywele, shingo, chini ya matiti, viganja, kila ukucha. Ni mzuri. Naandika kwa sababu ni kweli na kwa sababu nilikuwa nalitazama hilo hata wakati anatapika kwenye mikono yangu. Sumu ilimwingia kidogo kuliko mume wangu lakini ilikuwa inapanda haraka, na kifua chake nacho kikaanza kuchemka.

Tukafika mahali ambapo kilichobaki kilitosha sindano moja. Daktari alikuwa ameshikilia barakoa ya oksijeni kwenye uso wa Bibi Stoo, hawezi kuondoka. "Wasikilize wote wawili," akaniambia. "Nani kifua chake kibaya zaidi?"

Mipira ya kusikilizia ilikuwa masikioni mwangu. Hakuna aliyeweza kusikia nitakachosikia. Nikaweka kwa mume wangu, mbele na nyuma: kilikuwa kimeanza kukauka, bado mikwaruzo chini. Nikaweka kwake: maji matupu. Nikarudi kwa mume wangu, nikasikiliza tena, nikitafuta maji. Niliyatafuta sana. Daktari alidhani ninahakikisha.

"Cha huyu," nikasema, nikamgusa bega Bibi Stoo.

Sindano ikaenda kwake. Nikakaa chini sakafuni na mkono wangu juu ya mapigo ya mume wangu, nikawa nayasukuma kwa mawazo. Dereva aliingia na matope mpaka kiunoni na boksi kichwani. Machozi yangu yalitoka hapo, na hayakuwa ya sumu.

Aprili 18, baada ya chakula cha mchana
Vifua vyote vikavu. Mume wangu anaweweseka. Atropini nyingi hufanya hivyo: uso mwekundu, ngozi ya moto na kavu, anachuma vitu visivyoonekana hewani. Na anaongea.

Nilimsogezea sikio. Nasema ukweli, sikusogea kama muuguzi. Nilitaka kusikia anamtaja nani.

"Weka huko," akasema. "Usinipe sabuni. Mke wangu atanusa."

Akarudia hayo mpaka akalala. Kitanda cha pili kilikuwa kinasikia yote.

Aprili 19
Mama mkwe kaja na uji kwenye chupa. Akamwangalia mwanawe, akamwangalia mwanamke wa kitanda cha pili, akaniangalia mimi. "Nani kamwambia aje na nguo za dawa nyumbani?" akauliza. Anajua ni nani. Alinisikia Machi, nyumba yetu haina dari. Nikamwambia, "Mimi, mama." Akamimina uji vikombe viwili, kimoja akampelekea Bibi Stoo. Mimi hakunimiminia.

Aprili 20
Sumu hii ina ujanja, mtu anaweza kupona mbele ya macho yako, kisha siku ya pili au ya tatu shingo ikalegea na pumzi ikafuata. Kwa hiyo kila mara nawapitia: "Inua kichwa kutoka kwenye mto. Shikilia." Mume wangu anainua huku anatabasamu kama mtoto anayeonyesha meno. Bibi Stoo anainua bila kunitazama.

Leo mume wangu alipolala, Bibi Stoo akaniita.

"Sista, siku ile ulichelewa kunitazama."

"Nilichelewa."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani unalia."

"Namlilia nani?" Akafikiri, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Huyu? Huyu anayekoroma kama mashine ya kusaga?"

"Umejuaje anakoroma?"

"Sista! Analala kwenye magunia ya stoo kila mchana, shamba zima linajua!" Akafuta macho. Machozi ya kicheko safari hii, nilihakikisha. "Na kifungo ndicho kilichokuuma? Aliniambia ulikitazama jioni nzima. Kilinaswa na mlango wangu, nikakirudisha. Ningeshona vya wote kama vingenaswa."

Nilikuwa karibu kumpenda. Kisha akaacha kucheka.

"Lakini uliniona kabla sijakuita. Nilikuwa nakutazama, Sista. Uliniona, ukageuka."

"Ndiyo."

"Ungeniacha?"

"Kwa sindano moja, nilikuacha."

Akageukia ukutani. Nikamfunika miguu, akaifunua.

Aprili 21
"Inua kichwa." Wote wawili wameinua.

Aprili 23
Bibi Stoo ameruhusiwa. Alikunja mashuka mwenyewe. Mlangoni alimuaga Daktari, akamuaga mhudumu, akamuaga mume wangu kwa jina la kazi, "Nyapara, ugua pole." Kitenge cha buluu tulikiteketeza pamoja na ovaroli. Nilikuwa nimemnunulia kingine, nikampa. Alikipokea, akasema ahsante, akaondoka akiwa amekishika mkononi.

Aprili 25
Mume wangu yuko nyumbani. Tumekaa nje, mvua imepungua. Nikamuuliza kwa mdomo wangu, bila kuzunguka, kama kuna kitu kati yao.

"Kipo," akasema.

Nikashika kiti.

"Kuna sabuni," akasema. "Basi."

"Na kipande chako kikubwa?"

"Mimi ndiye ninayebeba dumu, mama. Mwenye dumu hupewa kikubwa." Akanitazama muda mrefu. "Ungeuliza Machi."

Nikasema ningeuliza Machi. Hakunifokea. Alichukua kiti changu akaanza kukaza misumari yake nikiwa nimekikalia.

Mei 2
Nimemwambia Daktari kuhusu sindano ile niliyomchoma mume wangu nikiwa nimempa Bibi Stoo mgongo. Nilitaka afoke. Akajiandaa muda mrefu kama kawaida yake, kisha akasema kuanzia sasa mwenye ndugu yake kitandani hatagusa boksi la dawa, awe mimi, awe yeye. Amebandika agizo hilo ukutani. Kila nikipita nalisoma.

Mei 9
Kesho mume wangu anarudi kazini. Hatabeba dumu, atasimamia tu. Leo nimekwenda shambani peke yangu, na miche ya sabuni ya limau kwenye kikapu. Nilizunguka maduka mpaka nikaipata ile ile.

Bibi Stoo alikuwa dirishani kwake kwenye wavu. Niliweka kikapu mezani. "Ya kuogea," nikasema. "Aogee huku. Kila siku. Akikataa, mfungie bafuni."

Akatoa mche mmoja, akaunusa. Akachukua uzi wake akaanza kukata. Alikata vipande vya watu wote, akavipanga kwenye ubao. Kimoja kilikuwa kikubwa kuliko vingine. Hakusema ni cha nani na mimi sikuuliza. Dumu sasa analibeba mtu mwingine.

"Umefanana na mtu anayetaka kusema kitu," akasema.

"Mdomo unachezacheza tu," nikasema, "utatulia."

Mwanya ulionekana kidogo, ukajifunga.

Mei 10
Jioni amefika. Limau iliingia mlangoni kabla yake. Moyo ukaniwaka vile vile kama Machi, haukupungua hata kidogo, na mimi niliyekuwa nimeinunua kwa mkono wangu.

Nikamwambia, "Karibu, mume wangu." Nikamsogelea, nikamnusa shingo, nyuma ya masikio, viganja, kola ya shati ndani na nje. Akasimama, mikono juu, kama mtu anayepekuliwa.

"Unatafuta nini?"

"Dawa," nikamwambia.

Nusu yake ilikuwa kweli.